Plamu za Chuo Kisichojulikana

Barua ya kumwita binti yangu chuoni niliikunja mara nne, nikaitia ndani ya blauzi, nikaenda nayo mpakani Busia kuwauliza wabadilisha pesa kama ni nzuri. Ndiyo, umesoma vizuri. Wabadilisha pesa, wale wanaokaa kwenye viti vya plastiki karibu na geti, noti za Kenya mkono huu, za Uganda mkono ule. Mzazi mwenye akili angemtafuta mwalimu. Mimi nilitafuta watu wanaotambua noti bandia kwa kidole gumba.

Nijitetee kidogo. Nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, na nikifa nitazikwa hapa hapa Mundika, hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu. Huku tumezoea kupima kitu kwa swali moja: ng'ambo wanakipokea? Kama mtu wa upande wa pili anakichukua bila maneno, basi ni kizuri. Kama anakigeuzageuza na kukuuliza umekitoa wapi, kirudishe nyumbani. Kwa kipimo hicho nimenunua vifungo na zipu miaka yote na sijawahi kujuta. Nikajiambia, kwani chuo kina tofauti gani na zipu?

Mmoja wa wale wabadilisha pesa ni jirani yangu. Ua wa michongoma ndio unatutenganisha, na una tundu ambalo kuku wake wanalijua vizuri kuliko sisi. Alipoiona barua aliinyanyua juu, akaiangalia dhidi ya jua.

"Karatasi ni nzito," akasema. "Mhuri uko. Lakini hili jina, mama, mimi sijawahi kulisikia."

Akampa mwenzake. Mwenzake akampa mwingine. Barua ya mtoto wangu ikazunguka viti sita. Mmoja akauliza kama ni chuo cha ushonaji. Mwingine akaapa kwamba kilifungwa zamani. Wa mwisho aliirudisha akasema, "Hii hapa mpakani haitembei."

Jirani yangu alinirudishia mkononi. "Mama, sisi tunajua noti. Mambo ya vyuo uliza wenye vyuo."

Nilisikia ile ya kwanza tu, kwamba jina halijulikani. Hiyo nyingine ilipita juu ya kichwa changu ikaenda Uganda.

Chuo chenyewe sitakitaja, na si kwa heshima. Hata nikikitaja hutakijua, ndiyo shida yenyewe. Ni kidogo. Wanafunzi wake wote wangeingia katika kanisa letu na mabenchi ya nyuma yakabaki matupu. Kiko juu kwenye baridi, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Miaka miwili ya kwanza hakuna anayesomea kazi yoyote. Wanasoma historia, hesabu, mimea, muziki, falsafa, na namna ya kuandika jambo likaeleweka. Wanabishana na walimu wao mezani wakila. Asubuhi nyingine wanashika majembe. Baada ya hapo ndipo mtu anachagua njia yake.

Kila mwaka walikuwa wakichukua mtoto mmoja kutoka upande wetu bila kumtoza karo. Mmoja tu. Mwaka ule watoto walifanya mtihani wa chuo hicho katika ukumbi mmoja mjini Busia, na binti yangu akawa wa kwanza. Barua ilisema kama hataki nafasi hiyo aandike mapema, ili apewe aliyemfuata.

Binti yangu alikuwa na kijitabu chao chenye picha. Alikisoma mpaka kurasa za katikati zikatoka, akazishona kwa uzi wangu wa bluu, ule wa sweta. Yeye ni mtoto ambaye akiwa darasa la tatu aliniuliza kwa nini ng'ombe wa Uganda wanakula nyasi za Kenya bila kuonyesha kitambulisho. Nilimwambia aende akateke maji. Chuo kile kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya watu wa maswali kama hayo, na sasa naliona hilo wazi. Wakati ule niliona kitu kimoja tu: atatoka huko akiwa nani?

Maana huku mtoto akiingia chuo, mzazi ndiye hubadilishwa jina. Kuna mama mmoja kanisani tulikuwa tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama mama wengine wote. Siku kijana wake alipoitwa kusomea udaktari, ibada haijaisha, tayari alikuwa Mama Daktari. Kijana hajagusa hata plasta, mama yake anaulizwa dawa ya kikohozi. Yupo pia Mama Injinia, na Mama Loya. Mimi nilikuwa nasubiri langu. Nililipenda sana hilo jina kabla halijafika. Sasa kwa chuo hiki wangeniita nani? Mama Mambo Mengi?

Nikiwa katika kuchanganyikiwa huko, shemeji yangu akaja.

Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Kwa watu wetu, baba wa mtoto akishaondoka, kaka yake ndiye anasikilizwa katika mambo ya mtoto: shule, ndoa, ugonjwa. Binti yangu anamwita baba mkubwa. Tena huyu si kaka wa hivi hivi. Kazi yake ni kujaza fomu na kuandika barua. Ana meza yake Amagoro, karibu na ofisi za serikali, na mwavuli mkubwa juu yake. Watu wanatoka mbali kuja kuandikiwa maombi ya hati, ya kazi, ya msamaha. Nani angejua karatasi kuliko yeye?

Alikuja na mfuko wa plamu. Zilikuwa nyekundu, zimeiva, zile zinazoota kwenye baridi. Huku kwetu hazioti. "Nilikuwa safari ya kule juu, shemeji," akasema. "Matanga ya rafiki. Nikasema siwezi kurudi mikono mitupu."

Nilizila nikiwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani, maji yake yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikampa barua. Aliisoma polepole, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Shemeji, nani anakijua hiki chuo?"

"Hata wabadilisha pesa hawakijui," nikasema, kwa fahari, kama mtu aliyefanya utafiti.

"Unaona? Wewe una akili." Hapo nilijisikia vizuri sana, naomba mlielewe hilo. "Mimi naandika barua za kazi kila siku. Mwajiri anaangalia kitu kimoja, jina la chuo. Asipolijua, anaweka chini. Huyu mtoto atasoma muziki na falsafa miaka minne, arudi hapa akushikie mkasi. Malaba kuna kozi ya kliaringi, anajifunza kupitisha mizigo ya matrela forodhani. Miezi sita tu, ana kazi. Mtu wa kliaringi huku alishawahi kulala njaa?"

"Na wako je?" nikamuuliza. Nilijua kijana wake naye aliufanya mtihani ule.

"Wangu alianguka. Na mimi nikamshukuru Mungu."

Nikacheka naye. Nikala plamu nyingine.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na kile kijitabu. Hakusema neno mbele ya baba yake mkubwa, tumewalea hivyo. Baadaye, nikiwa napima kola, akaja akaketi chini karibu na mguu wangu.

"Mama, lakini wewe mwenyewe unakionaje?"

"Baba yako mkubwa ameshasema."

"Nimemsikia. Nimekuuliza wewe."

Nikamwambia asinisumbue, nitakata vibaya. Hilo ndilo jibu nililompa mtoto wangu.

Kesho yake barua ya kukataa iliandikwa. Shemeji alisoma maneno kwa sauti, mimi nikaandika kwa mkono wangu, kwa sababu alisema ya mzazi ina uzito. Nilijitahidi mwandiko, kama mtihani wa kidato cha nne. Binti yangu akaweka sahihi bila kukaa. Shemeji akaitia kwenye bahasha na kusema niokoe nauli, ataipeleka mwenyewe. Nikamshukuru. Nikamshonea na mfuko wa shati uliokuwa umelegea.

Basi binti yangu akaenda Malaba, akasoma ile kozi, akapata kazi. Anakaa ndani ya kontena lililokatwa dirisha, anaandika kwenye kompyuta namba za matrela kuanzia asubuhi: namba ya gari, namba ya mzigo, jina la dereva, anakotoka, anakokwenda. Analala huko kwa rafiki yake, Jumamosi anakuja nyumbani. Na mimi nikapata jina langu. Mama Kliaringi. Halina ladha kama Mama Daktari, lakini nililivaa.

Miezi ile ile, mke wa shemeji alinitumia suruali tatu mpya nizikunje pindo. Ni za kijana, wakasema, anaenda kwa mjomba wake Nakuru kutafuta kazi. Nilizikunja kwa mkono, mshono usionekane, kwa sababu kijana anayetafuta kazi lazima apendeze. Nilimwombea hata, nikiwa na sindano mdomoni.

Kuna watu watauliza ilikuwaje nisijue. Amagoro si mwezini. Lakini mimi sitoki. Mtu akitaka kunificha kitu hana haja ya kukifunika, akipeleke tu mbali na soko la Busia, sitakifikia. Harusi za huko natuma zawadi. Matanga natuma sukari. Watu husema nimeota mizizi kama muhogo, na mimi huwajibu kwamba angalau muhogo unajulikana uliko.

Mwaka ukapita. Likizo moja, yule kijana wa shemeji akaja kunisalimu, mwenyewe, bila kutumwa. Amevaa suruali yangu, ile ya rangi ya majivu. Nikaangalia pindo kwanza, bado lilikuwa limeshika.

"Mama mdogo, hujambo? Umekuwa mdogo kweli."

"Na wewe umekuwa mwongo. Kaa chini. Nakuru wanakulisha?"

Hakusikia, au niliuliza nikiwa nimempa mgongo nikitafuta kikombe. Aliketi akaanza kuangalia nilivyokuwa nakata sketi za shule. Akaniuliza kwa nini naacha kitambaa cha ziada kiunoni. Nikamwambia mtoto hukua kuliko mfuko wa mzazi, sketi ni lazima iweze kufunguliwa baadaye. Akaniuliza watu walipimaje kabla ya futi ya kitambaa. Nikamwonyesha shubiri na mkono, nilivyofundishwa na mama yangu, na jinsi unavyomkadiria mtu mnene bila kumwaibisha. Alicheka, lakini alikuwa ananisikiliza kwa mwili mzima. Akatoa daftari akaandika. Nimeshona miaka zaidi ya ishirini, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuandika nilichosema, ukiacha wanaoandika vipimo vyao.

Nikawaza, huyu mtoto amekuwa mtu. Zamani alikuwa wa kusalimia akiwa anaondoka.

Halafu akafungua begi, akaniwekea mezani mfuko wa plamu.

"Hizi ni za shamba letu," akasema. "Tunachuma wenyewe kabla ya kufunga."

"Shamba la nani?"

"La chuo, mama mdogo. Baba hakukuletea siku ile? Alipokwenda kukitembelea, kabla hata barua hazijatoka, mkuu wa chuo alimpa mfuko mzima. Baba akasema nyingine atakuletea wewe."

Nilishika futi yangu ya kitambaa nikaanza kuizungusha kwenye kidole, nikaizungusha mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

Yeye akaendelea kuongea, maskini, hajui anachonifanyia. Kwamba alikuwa wa pili katika ule mtihani. Kwamba baba yake alimwambia dada alikataa kwa hiari yake, alipenda zaidi kliaringi. Kwamba mwalimu mmoja anawajua wote kwa majina na anakula nao. Kwamba kitabu kimoja walikisoma wiki tatu, na akagundua maisha yake yote alikuwa anasoma kama mtu anayekimbilia gari. Kwamba ameagizwa kuandika juu ya kazi ya mikono anayoifahamu, na akanifikiria mimi.

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alisafisha na kikombe chake.

Alipoondoka nilifanya kitu ambacho majirani walisimama mlangoni kukitazama: nilifunga cherehani mchana, nikapanda bodaboda kwenda Amagoro.

Shemeji alikuwa chini ya mwavuli wake, mzee mmoja mbele yake akisubiri fomu ya shamba. Niliweka plamu moja juu ya karatasi zake. Aliitazama akajua. Akaisogeza pembeni kwa kalamu isilowanishe fomu.

"Shemeji, karibu kiti."

"Uliniambia wako alianguka."

"Alikuwa wa pili. Nafasi ilikuwa moja. Wa pili si ameanguka?"

"Uliniambia hakijulikani!"

"Na nilidanganya wapi?" Hakupandisha hata sauti. "Muulize huyu mzee. Mzee, unakijua chuo fulani?" Akalitaja jina. Mzee akatikisa kichwa. "Hakijulikani mpaka leo, shemeji. Na barua imeandikwa kwa mkono wa nani?"

Nikasema, "Wewe ulisoma maneno."

"Mimi husomea watu maneno kila siku, ni kazi yangu. Anayeweka sahihi ndiye mwenye barua." Halafu akalegeza uso, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Wako ana mshahara. Wangu mimi bado namtumia sabuni. Unalia nini?"

"Ulienda mwenyewe kukiona. Ukaona nini?"

Hapo aliweka kalamu chini. "Niliona watoto wanaongea na walimu wao kama watu," akasema. "Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nikasema wangu lazima aingie hapa." Akamgeukia yule mzee. "Jina la baba yako, mzee. Herufi kubwa."

Nilirudi Mundika na mfuko wangu wa plamu mapajani. Njia nzima nilikuwa nafikiria matusi mazuri ambayo ningemtukana, yote yakiwa yamechelewa.

Jumamosi binti yangu akaja. Nilikuwa nimejipanga namna ya kumwambia, nimeanza na salamu ndefu, nimeendelea na habari za kanisa. Akaziona plamu kwenye bakuli. Akachukua moja, akaiuma.

"Tamu," akasema. "Amepita?"

"Nani?"

"Mama. Ninajua. Tangu wiki yake ya kwanza chuoni ninajua, alinipigia akidhani nilikataa mwenyewe. Huwa ananitumia kurasa anazosoma, anazipiga picha. Nazisoma kwenye foleni ya matrela ikisimama."

"Mbona hukuniambia mimi mama yako?"

Alimaliza ile plamu kwanza, akaitoa kokwa mdomoni akaiweka ukingoni mwa bakuli.

"Ungefanya nini, Mama? Ungeenda kumuuliza nani?"

Hakusema kwa ubaya. Kama angesema kwa ubaya ningejua pa kushika. Aliingia ndani kulala, wiki nzima alikuwa akiamka alfajiri. Kile kijitabu bado kiko chini ya godoro lake, uzi wa bluu haujafumuka. Nilikiona nikitandika. Nikakirudisha kilipokuwa.

Nafasi yenyewe haipo tena. Niliuliza, safari hii kwa wenye chuo, kwa simu. Mama mmoja mwenye sauti ya upole aliniambia mtihani ni wa waliomaliza shule mwaka huo huo tu. Akaniuliza jina la binti yangu, akasema, "Tunamkumbuka. Insha yake ilikuwa ya ng'ombe na mpaka. Tulisikitika alipokataa." Wanamkumbuka. Watu ambao hawajawahi kumwona uso, chuo ambacho hakijulikani, wanamjua mtoto wangu kuliko nilivyotaka kumjua mimi.

Basi nikaenda kwenye ua. Jirani yangu mbadilisha pesa alikuwa anaziba tundu la kuku kwa mara ya mia. Nikamsimulia yote kupitia michongoma: plamu, matanga ya uongo, suruali tatu nilizokunja kwa mkono, barua, mwavuli wa Amagoro. Nilisimulia vizuri, nadhani. Nililia mahali panapofaa. Nikamwambia katika maisha yangu sijawahi kuibiwa namna hii, tena na mtu wa nyumbani, na nikangoja aniambie pole.

Alikata kipande cha waya kwa meno, akakitema.

"Wewe hukuibiwa kitu, mama," akasema. "Aliyeibiwa ni mtoto, na wezi mlikuwa wawili."